Sauti Tuliyoisikia Ugogo

Leo twataka kuwaeleza habari za safari yetu ya Dodoma, na za mwimbaji mmoja ambaye hatukumjua mpaka tulipofika huko. Sisi tu watu wawili, mume na mke, walimu wote wawili, nasi tumekwisha kustaafu. Tuliitwa arusini na mtu tuliyemfundisha alipokuwa mtoto, yapata miaka thelathini na mitano iliyopita. Barua yake ilitufurahisha sana, tena ilitutia haya kidogo. Sababu ya haya hiyo mtaiona mbele.

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri kwa treni ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 1924 ukiongezwa miaka mia, yaani 2024. Wazee wetu waliziita treni zote magari ya moshi, lakini hili ni gari la moshi lisilo na moshi, maana laenda kwa umeme. Tulipita mashamba ya Pwani, kisha tukaiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu. Baada ya Morogoro tukaingia nchi ya milima ya Kilosa, na reli ikapenya chini ya ardhi, tukawa gizani kitambo kidogo, kisha tukatoka tena katika nuru. Hata tulipokwisha kuivuka milima ile, nchi ikabadilika kabisa. Udongo ukawa mwekundu, miti ikawa mifupi yenye miiba, na mibuyu ikasimama mmoja mmoja uwandani kama wazee waliokutana barazani wakanyamaza.

Hiyo ndiyo Ugogo. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliivuka nchi hii kwa hofu, maana maji yalikuwa machache, na watemi wa Wagogo walitoza hongo kabla ya kuruhusu watu kunywa visimani. Mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hata Aprili, na ikikosa kunyesha, njaa haiko mbali. Wazee wa huko bado wasimulia njaa waliyoiita Mtunya, iliyokuja mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza, wakati majeshi yalipokuwa yamechukua nafaka na ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Watu wengi sana walikufa. Lakini Wagogo hawakuihama kabisa nchi yao. Walibaki na ng'ombe wao, na mtama wao, na uwele wao, na nyimbo zao.

Mwenyeji wetu alitupokea kituoni, akatupeleka kijijini kwao, mwendo wa saa moja kwa gari. Mama yake mzee alitoka mlangoni, akatuamkia kwa lugha yao, "Mbukwenyi!" Nasi tukaitikia vibaya, watoto wakacheka. Tulipewa maji ya kunawa, kisha ugali wa uwele na mlenda, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yetu. Baada ya chakula tuliketi uani. Usiku wa Ugogo ni wa baridi kuliko wa pwani, na nyota zake ni nyingi ajabu.

Ndipo mwenyeji wetu alipotoa simu yake, akasema, "Mwalimu, na wewe Mama, naomba mmsikilize mtu mmoja."

Kwanza tulisikia chombo, sauti za chuma zilizodondoka moja moja kama matone ya maji, na nyuma yake uvumi kama wa nyuki. Kisha mtu akaanza kuimba. Sauti yake ilikuwa nene, ya kukwaruza, kama ya mzee anayenguruma kifuani. Hatujakaa sawa, ikapanda ghafla ikawa nyembamba, juu sana, kama ya mwanamke aliaye mbali uwandani. Tulidhani ni watu wawili. Akasema, "Hapana, ni huyo huyo mmoja." Hatukuyaelewa maneno, maana aliimba Kigogo. Lakini mwenzangu alishika kanga yake machoni, na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Wimbo ulipokwisha, hatukuweza kusema neno kwa muda. Usiku ule, tulipolala, sauti ile ilikuwa bado yapita masikioni mwetu.

Tukauliza, "Nani huyu?" Akajibu, "Hukwe Zawose. Ni mtu wa hapa kwetu."

Tulikwisha kulisikia jina hilo mara moja mbili, kama mtu asikiavyo jina la mji ambao hakukusudia kuufikia. Basi tukaelezwa habari zake. Hukwe Zawose alizaliwa Doguni, katika nchi hii ya Dodoma, yapata mwaka 1938. Alikuwa mtoto wa wafugaji, na huko machungani alianza kuimba. Katika miaka ya 1960 habari zake zilimfikia Rais Julius Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam ili watu wa nchi nzima wausikie muziki wa Kigogo. Baadaye alikaa Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa huko mwaka 1981. Alipiga zeze na ilimba, naye alivitengeneza vyombo vyake kwa mkono wake. Alisafiri Ulaya na nchi nyingine nyingi. Mwaka 1996 santuri yake iitwayo Chibite, aliyoimba pamoja na Charles Zawose wa jamaa yake, ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza, na mwaka 2002 alitoa nyingine, Assembly, pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Lakini huyu alitunzwa na wageni wa mbali, na sisi tuliokaa mwendo wa siku moja kutoka mlangoni pake hatukuwa na habari naye. Mnalijua pia lile neno juu ya nabii na nchi yake.

Sasa twaja kwenye haya yetu. Mwenyeji wetu alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliletwa katika shule ya bweni tulikofundisha, mbali na kwao. Alipenda kuimba kuliko watoto wote. Tukamtia katika kwaya. Lakini kila mara wimbo ulipofika mahali fulani, sauti yake ilikwenda chini kidogo kuliko kinanda. Tulimrudisha mara ya kwanza, na ya pili, na ya kumi. Mwisho tukamwambia mbele ya wenzake kwamba hana sikio la muziki, naye akatoka, akaenda kuketi nyuma. Hatukumpiga, wala hatukumtukana. Tulidhani tumefanya kazi yetu ya ualimu sawasawa, tukasahau.

Yeye hakusahau. Usiku ule alimwomba mama yake alete ilimba ya marehemu babu yake, iliyotundikwa ukutani. Ni sanduku la mti lenye ndimi nyingi za chuma zilizopangwa juu yake. Baadhi ya ndimi hupigwa kwa vidole gumba, na nyingine haziguswi kabisa. Zipo ili ziitikie zenyewe wenzake wanapolia. Sandukuni mna tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mwembamba ambao buibui hufunikia mayai yake. Utando huo ndio unaotoa ule uvumi wa nyuki tuliousikia. Akaipiga, akaimba nayo kwa sauti ndogo, akaja mpaka mahali pale pale. Nasi tuliijua sauti ile mara moja. Ilikuwa ile ile tuliyomkataza.

Kisha akachukua zeze, akatuonyesha jambo ambalo hatukufundishwa chuoni kwetu. Ukiuvuta uzi wa zeze, hutoa sauti yake. Ukiugusa kidogo tu katikati, hutoa sauti nyingine ya juu zaidi. Ukiugusa katika theluthi yake, nyingine. Katika robo, nyingine. Na hivyo hivyo kuendelea. Sauti hizo zote zimo ndani ya uzi mmoja tangu asili. Wagogo huchagua sauti za nyimbo zao kutoka katika ngazi hiyo. Basi ile iliyo katika sehemu ya saba ya uzi haipatikani katika kinanda. Ukiitafuta kinandani, utakuta iliyo karibu nayo imepanda juu yake kwa kadiri ya theluthi moja ya nusu-sauti. Wenye vinanda waligawanya ngazi yao kwa namna nyingine, nao wana sababu zao njema. Lakini mtoto yule hakukosea. Alikuwa akiimba kweli, kwa kipimo cha nyumbani kwao, na kipimo hicho kilikuwa sahihi kabla kinanda cha kwanza hakijafika bara.

Tukamwambia, "Mwanetu, tulikukosea. Twaomba utusamehe."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nimewasameheni zamani, Mwalimu. Nisingewaita arusini kama sikuwasamehe. Lakini nilitaka msikie." Akaongeza neno moja ambalo latuchoma hata leo: "Tangu siku ile sikuimba tena mbele ya watu. Huimba hapa uani tu, watoto wakiisha kulala."

Kesho yake ilikuwa arusi ya binti yake. Wanawake walikuja na ngoma, wakazibana katikati ya mapaja, wakazipiga kwa nguvu na kwa mpango wa ajabu, na vumbi jekundu likapanda hata magotini. Waliimba kwa makundi, sauti juu ya sauti, wala hatukusikia aliyekosea. Mwenyeji wetu alisimama pembeni miongoni mwa wanaume. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Kama alitoa sauti au hakutoa, ngoma zilikuwa nyingi, hatukuweza kujua.

Wakati wa kurudi hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Kutoka Dar es Salaam tulipanda basi mpaka Bagamoyo, ili tuuone mji alikokaa mwimbaji yule. Mji huu wajulikana kwa huzuni zake za zamani, maana hapo ndipo misafara ya pembe na ya watumwa ilipofikia bahari. Minazi yavuma, madau yamelala mchangani, na majumba ya mawe yamebaki kuta tu. Tulifika penye kile chuo, ambacho sasa chaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, tukasimama kivulini kusikiliza vijana wakifanya mazoezi ya ngoma. Tuliwaza jinsi mtu wa nchi kavu, aliyezoea kuimba akichunga ng'ombe katika miiba, alivyoishi miaka mingi hapa kando ya maji ya chumvi, na asiache lugha yake wala ngazi yake ya sauti.

Hazikukoma naye. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah waimba pamoja kwa jina la The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa santuri yao iitwayo Maisha. Tumeisikiliza tulipofika nyumbani. Ile sauti ya sehemu ya saba imo, mahali pake, wala hakuna aliyeisahihisha.

Ninyi walimu wenzetu, hatuwaandikii ili muache kinanda. Ni chombo kizuri, nasi twakipenda. Lakini mtoto akija kwenu kutoka mbali, naye akaimba tofauti na wenzake, msifanye haraka kumwambia kwamba hana sikio. Mwulizeni kwanza nyumbani kwao huimbwaje. Mkae kimya, mmsikilize wimbo mzima mpaka mwisho wake. Sisi tulimkatiza, na jambo la kusikilizwa kwa dakika tatu limetuchukua miaka thelathini na mitano, na safari ya kwenda Dodoma.

Juzi tulimwandikia mwenyeji wetu barua ya shukrani. Tukamwomba, Krismasi ijayo akija kututembelea kama alivyoahidi, aje na ilimba ya babu yake. Bado hajajibu.