Subira, Ngoja na Bado

Lugha yetu ina vitenzi viwili vinavyokaribiana sana: kungoja na kusubiri. Kungoja ni cha asili ya Kibantu. Kusubiri tulikipokea kutoka Kiarabu, kikaja na ustahimilivu wake. Methali nazo zimevitenga: subira yavuta heri, ilhali ngoja ngoja yaumiza matumbo. Nimeifundisha tofauti hiyo miaka mingi. Sasa imenifuata hata kwenye kompyuta.

Mpwa wangu hutunza mitambo ya kompyuta Makambako, pale reli ya TAZARA na barabara kuu ya Mbeya zinapokutana. Alipanda hadi kwangu Njombe akaniambia: "Mjomba, nipe neno la ombi lililochoka kungoja."

Programu zao hufungwa katika vyombo vinavyosimamiwa na Kubernetes, mfumo uliotolewa na Google mwaka 2014. Jina hilo ni la Kigiriki: mshika usukani. Nilifurahi, kwa kuwa katika Kiswahili chombo ni cha kutilia vitu na pia ni jahazi.

Chombo kikihitaji hifadhi ya data, wakala maalumu huiomba. Wakala akizimika na kuwashwa upya, hulazimika kuyakusanya tena maombi yote. Foleni hurefuka, na baadhi ya maombi hupita muda yaliyowekewa. Siku moja vijana wa zamu walisoma "Muda umekwisha", wakadhani imeshindikana, wakaunda hifadhi nyingine kwa jina jipya. Baadaye ile ya kwanza ikakamilika. Hesabu za magunia ya viazi zikagawanyika pande mbili, na malipo ya wakulima yakasimama hadi zilipooanishwa.

Tafsiri ile ilifunga mlango uliokuwa wazi. Kilichokwisha ni subira ya mwombaji. Kazi yenyewe huenda ingali inaendelea. Ndiyo maana wakala aliyeundwa vyema halichukulii hilo kuwa jibu la hapana. Hurudia ombi lile lile, kwa jina lile lile, akirefusha kituo baina ya jaribio na jaribio, mpaka apate jibu la hakika. Humo methali zetu mbili zimepatana: kungoja kuna ukomo, kurudia kuna subira.

Nikampa maneno haya: "Ukomo wa kungoja umefika, jibu bado." Mzigo wote umebebwa na "bado", neno dogo lisilo ndiyo wala hapana. Malenga mwenye neno moja litakalotosha badala ya sita, na alilete, Makambako wanalihitaji.