Akta Hafi, Tuliambiwa

Mimi ni mgonjwa wa sinema, na ugonjwa huu sikuupatia jijini. Niliupatia Runyenjes, katika banda la mabati lililokuwa nyuma ya kinyozi, ambako kwa shilingi tano ungeketi kwenye benchi la mbao ukatazama picha mbili mfululizo. Mwenye banda alikuwa na kipaza sauti na kazi yake ilikuwa kututafsiria. Kiingereza cha Arnold Schwarzenegger alikigeuza Kiswahili, akakichanganya na Kiembu palipohitaji matusi, na wahusika wote akawapa majina ya watu tuliowajua sokoni. DJ Afro, ambaye amejipatia jina nchini kote kwa kazi iyo hiyo, hakutushangaza sisi hata kidogo tulipomsikia.

Banda lilikuwa na sheria moja ya sinema: akta hafi. Akta ndiye mhusika mkuu. Wengine wote ni maadui wa akta au marafiki zake, na rafiki anaweza kufa wakati wowote. Aliyechelewa kuingia aliuliza kwanza, "Akta ni nani?" ndipo atafute pa kuketi.

Mpenzi msomaji, mwezi jana nilichukua likizo fupi nikapanda matatu kwenda kuwaona jamaa zangu wa Meru na Embu. Ndani ya kompyuta yangu ndogo nilikuwa na filamu tatu, na maoni yangu ni haya.

Ya kwanza ni Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, iliyotoka mwaka wa 2012. Niliitazama upya nikiwa njiani na sikuimaliza. Robo saa ya mwanzo ni dhahabu tupu: Mwas, kijana wa mashambani anayeigizwa na Joseph Wairimu, anauza filamu huku akiwaigizia wateja vipande vya mapigano ili wanunue. Kijana wa aina hiyo ungemkuta katika stendi yoyote kutoka Embu hadi Makutano. Lakini akishafika Nairobi na kuporwa, mimi huanza kupiga miayo. Nairobi ya wezi na polisi wabaya nimeisoma magazetini miaka yote. Najua wengi hawatakubaliana nami.

Ya pili niliitazama kwa shangazi yangu, ng'ambo ya Maua, kule ardhi inakoteremka kuelekea lango la Murera la Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Ni Born Free ya mwaka wa 1966. Nilidhani inafaa kutazamwa pale pale, maana simba jike Elsa, aliyelelewa na Joy na George Adamson, aliachiliwa huru katika nyika hiyo ya Meru, na alipokufa mwaka wa 1961 akazikwa huko. Kaburi lake lipo hadi leo na watalii hulitembelea. Muziki wa filamu ulishinda tuzo mbili za Oscar, na Virginia McKenna na Bill Travers, walioigiza wenyeji wa Elsa, walikuwa mume na mke kwelikweli. Kwa macho ya mtu wa mjini, ni picha tamu.

Shangazi hakuiona hivyo. Mbuzi wake wanne waliliwa na fisi mwaka juzi na karatasi za kuomba fidia bado ziko kwenye mkoba wake. Filamu inaanza na mwanamke anayefua nguo mtoni. Simba anamrukia, maji yanageuka mekundu, basi. George anakwenda kumsaka mla watu, na kutoka hapo tunahamia kwa watoto wa simba waliobaki yatima. Tumefika katikati, Elsa anacheza mpira ufuoni na mimi natabasamu, shangazi akaniuliza:

"Mwanangu, yule mama aliyekuwa akifua, yeye hakuwa na watoto?"

Nilitazama hadi mwisho nikimngoja mtu yeyote amtaje tena. Hakuna. Nimeipenda filamu hii tangu nikiwa shule ya msingi na sikuwa nimewahi kujiuliza swali hilo. Bado naipenda, lakini sasa najua nimekuwa nikiitazama nikiwa nimeketi upande gani.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Supa Modo ya Likarion Wainaina ilitoka mwaka wa 2018 ikaonyeshwa hadi Berlin. Jo, msichana wa miaka tisa anayeigizwa na Stycie Waweru, ni mgonjwa asiye na matumaini ya kupona. Mama yake anamtoa hospitalini na kumleta nyumbani, na anataka jambo moja tu: mtoto apumzike. Mtoto naye anataka kuwa shujaa wa sinema. Dada yake anamdanganya kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye kijiji kizima kinaungana kumtengenezea filamu yake. Akta anakufa. Samahani kwa kukufichulia.

Mwaka wa 2003 nilikuwa na umri wa miaka 14 na ndugu yangu mdogo alikuwa na 10. Moyo wake ulikuwa mbovu. Miguu ilivimba, na usiku alilala ameketi kwa sababu akilala chali hewa ilimpotea. Madaktari walimwambia mama ampeleke nyumbani. Jumamosi moja banda lilitangaza Commando, na ndugu yangu akamsihi mama amruhusu niende naye, hata kwa kumbeba mgongoni. Mama alikataa: kuna vumbi, kuna moshi wa sigara, apumzike. Mimi nilikwenda peke yangu. Niliporudi nilimsimulia picha nzima, risasi kwa risasi. Aliuliza, "Akta hakufa?" Nikamwambia akta hafi. Alifariki Alhamisi iliyofuata.

Kwetu hatukuwahi kuizungumzia Jumamosi ile. Basi nilipoiweka Supa Modo sebuleni Runyenjes, nilikuwa mwoga. Mama wa Jo, anayeigizwa na Marrianne Nungo, alipomfokea binti yake mkubwa kwa kumtoa mgonjwa nje, mama yangu aliinuka akaenda jikoni. Nikasikia sufuria zikioshwa ambazo zilikuwa safi. Nilisimamisha picha. Akaita kutoka huko, "Mbona umezima?" Akarudi, akaketi, akatazama hadi wanakijiji walipokusanyika mbele ya kitambaa cheupe, Jo akiwa tayari amekwenda.

Kama filamu, ina kasoro zake. Kuna wanakijiji wanaochekesha kupita kiasi. Lakini yule mama hakufanywa adui, na kwa hilo namshukuru mwelekezi.

Ilikuwa imegonga saa nne usiku. Mama alijifunga leso upya akasema, bila kunitazama, "Ile ya siku ile iliitwaje?"

"Commando."

"Unayo?"

Nilikuwa nayo. Huwa sikosi nayo. Aliitazama yote, miguu ndani ya blanketi, na aliuliza swali moja tu, kwamba mbona bunduki ya yule bwana haiishi risasi.