Ndege Iliyofukuliwa Mchangani

Karibu na mji wa Cambridge, nchini Uingereza, upo uwanja wa ndege wa Duxford, ambao leo ni sehemu ya makumbusho ya vita yaitwayo Imperial War Museum. Nilifika huko na mwanangu wa miaka tisa, ambaye kwa majuma mengi hakunipa nafasi ya kupumua kwa hamu ya kuziona ndege za kivita.

Tulisimama mbele ya Spitfire yenye namba N3200. Ndege hii ilikuwa ya Kikosi cha 19, kilichokuwa na makao yake hapo hapo Duxford. Tarehe 26 Mei 1940 iliruka na kiongozi wa kikosi, Geoffrey Stephenson, kwenda kuwakinga askari waliozingirwa Dunkirk. Ilipigwa, ikatua kwa tumbo kwenye ufuko wa Sangatte, upande wa Ufaransa. Rubani akatekwa, na mchanga ukaimeza ndege hadi mwaka 1986.

Kilichofukuliwa kilikuwa mabaki yaliyoliwa na chumvi. Mafundi wakayachukua, wakaunda upya kila kilichooza, na mwaka 2014 ndege ikaruka tena. Sehemu kubwa ya bati lake ni jipya, lakini namba ni ile ile, na ubavuni zimo herufi QV za kikosi chake. Kwa chini, bawa moja ni jeusi na la pili jeupe. Rangi hizo hazikuwa pambo. Wapiga mizinga walioko ardhini walizitazama ili wasije wakamtungua mwenzao.

“Baba, hii iliua watu?” mwanangu akauliza.

“Iliundwa kwa kazi hiyo, mwanangu.”

“Sasa mbona wameipamba?”

Nikamweleza kwamba hawakuipamba. Wameirudishia alama zake ili anayeitazama ajue ni ipi, ilikuwa ya nani, na siku ile ilikwenda wapi. Nikaona ni fursa ya kumsimulia habari za babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyepigana katika vita hivyo hivyo akiwa na King's African Rifles kule Burma.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Na namba ya babu yako ilikuwa ipi?”

Sikuwa na jibu. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kiliwekwa katika sanduku la mbao nyumbani, na mchwa wakakimaliza sisi tukiwa tunaona. Hakuna aliyekinakili. Bati lililolala mchangani miaka 46 linajulikana hadi namba yake. Mtu aliyekula nasi sahani moja hatujui hata alikuwa katika kombania gani.

Usiku ule nilimpigia simu shangazi, binti yake pekee aliye hai. Namba hakuikumbuka. Alikumbuka kwamba babu, kila mvua kubwa iliponyesha, alikuwa akiutaja mto mmoja, Chindwin, ambao askari wa Afrika Mashariki waliuvuka mwishoni mwa mwaka 1944. Alikumbuka pia jina la rafiki yake ambaye hakurudi.

Mwanangu aliyaandika yote mawili katika daftari lake la shule. Ijumaa ijayo, inshallah, tutampigia tena.