Uzito wa Mwili na Hukumu ya Tabia

Ewe msomaji, mwili na tabia ni wapangaji wa nyumba moja. Chumba cha mmoja kikiungua, mwenziwe hakosi moshi. Jambo hili nililijua kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulimwumiza dada yangu.

Dada alikuwa mcheshi, mpole na mwepesi wa kusamehe. Alipokuwa na miaka 17, wenzake walimcheka kwa unene, akaanza kujinyima chakula. Haikupita miezi mingi akakonda hata mifupa ya mabega ikaonekana. Uchangamfu wake nao ulitoweka. Alikasirika kwa neno dogo, alijitenga na watu, na mkate wake aliukata vipande kama vya kulisha ndege. Mimi, mdogo wake, nilithubutu kusema mbele ya mama kwamba dada ana roho mbaya. Hakunijibu, alikwenda zake chumbani.

Baadaye nilisoma habari iliyonitia haya. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya na akili timamu walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa majuma 24. Mtaalamu Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwauguza watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Walipopungukiwa na kama robo ya uzito wao, wengi waligeuka wakali, wenye huzuni na wapweke, na fikira zao zikatawaliwa na chakula. Walipolishwa tena, hali zao zilirejea polepole.

Ndiyo maana tabibu mwangalifu, akiletewa mwanamke aliyekonda kupita kiasi, hafanyi haraka kunena kwamba ana maradhi ya kudumu ya nafsi. Hutaka kwanza mwili upate chakula na uzito, kisha hutazama kilichosalia. Yamkini maradhi hayo yapo, kwa kuwa wako wapatwao na yote mawili; yamkini ilikuwa njaa tu iliyosema kwa kinywa chake. Wahenga walinena: mwenye njaa hana miiko.

Dada alitibiwa zaidi ya mwaka. Mwili wake ulitangulia kurudi, kicheko kikafuata. Nilimwomba radhi, akanipa. Nawe, msomaji, usimcheke mtu kwa unene wala usimhukumu kwa wembamba. Kabla ya kupima uzito wa mwenzako, pima uzito wa neno lako.