Bukoba hadi Muleba: Benchi imara la fundi nyumbani, na pumba zisizofaa jikoni

Barabara ya kutoka Bukoba mjini kwenda Muleba haina uhaba wa mbao. Ukipita Kemondo penye bandari na kuendelea hadi Muhutwe, migomba inapokezana na misindano na mikaratusi, na kando ya njia mafundi wanaranda vitanda na milango.

Majumbani hali ni nyingine. Kiti kikivunjika mguu, baba hukigongea msumari kwenye ngazi ya mlango huku mtoto amekishikilia kwa mikono miwili. Nyundo ikiteleza, kinachoumia ni kidole cha mtoto.

Suluhisho ni benchi la useremala. Si lazima uwe na banda la gari. Kona ya stoo au baraza yenye paa inatosha.

Kazi huanza kwenye kuchagua mbao. Msindano ni mwepesi na hurandika vizuri, hivyo unafaa kwa uso wa benchi. Mkaratusi ni mzito, unafaa kwa miguu, ila hupasuka na kujipinda ukikaushwa haraka. Ndani ya vibanja, katikati ya migomba na mibuni, kuna pia mushambya, kama Wahaya wanavyouita, ambao mchwa hawaushambulii kirahisi.

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo mbao inayouzwa leo huenda bado ina maji. Benchi la mbao mbichi hukaza leo, likaanza kuyumba baada ya miezi michache. Zipange mbao chini ya paa, ukiweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite. Kila wiki pima kipande kimoja kilekile kwenye mizani ya duka. Uzito ukiacha kupungua, anza kazi. Juni hadi Agosti, mvua inapopungua, ndio wakati mzuri.

Benchi la futi tano kwa mbili linatosha familia. Miguu iwe ya nne kwa nne, uso uwe wa mbao za mbili kwa sita. Miguu na mbao za kuiunganisha zifungwe kwa bolti na nati, kwa sababu msumari hulegea na haukazwi tena. Weka ubao wa mshazari nyuma na pande zote mbili. Huo ndio unaozuia kuyumba. Chini tengeneza rafu, upange mawe au vifaa vizito. Miguu isikae kwenye udongo wenye unyevu, bali juu ya matofali au zege. Mvua za kwanza zikipita, kaza nati zote upya.

Kuhusu kimo, simama wima na uache mikono ining'inie. Uso wa benchi ufike kwenye kifundo cha mkono, kwa wengi kati ya sentimita 85 na 90. Likiwa chini zaidi, mgongo utalipa. Mtoto anayejifunza asimamishwe juu ya jukwaa pana lisiloyumba, na kazi ishikwe kwa jiriwa, si kwa mikono yake.

Baada ya hapo kuna vumbi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliainisha vumbi la mbao mwaka 1995 kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Hatari kubwa ni kwa anayelivuta miaka mingi kazini, lakini nyumbani pia fanyia kazi penye hewa, vaa barakoa, na mwagia maji kidogo kabla ya kufagia.

Pumba ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa familia nyingi hupikia jiko la pumba. Mbao za kuezekea zilizotiwa dawa mara nyingi huwa na rangi ya kijani, na dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Zikichomwa, aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hupanda na moshi anaouvuta mama na mtoto aliye mgongoni. Kwa hiyo muulize muuzaji kama mbao ina dawa kabla ya kulipa. Kama ipo, pumba zake zisiingie jikoni wala bandani kwa kuku, na majivu yake yasimwagwe kwenye migomba.