Maua, Mkaa na Mafua

Mwaka wa kwanza nilipiga picha za maua. Mwaka wa nne nilikuwa nanunua tishu kwa katoni. Sikuwa nimehama nyumba, na majira yalikuwa yale yale, Machi hadi Mei, miezi ambayo kwetu Ruvu, Tanzania, ni masika na njia ya kwenda stesheni haipitiki bila kukunja suruali.

Nilifika Tsukuba, katika mkoa wa Ibaraki, mwanzoni mwa Aprili 2007, kwa ufadhili wa serikali ya Japani, kusomea kilimo. Wajapani huanza kila kitu Aprili: shule, vyuo, ajira, hata mwaka wa fedha wa serikali. Kwa hiyo mgeni anafika siku ambazo karibu kila mtu ni mgeni mahali fulani. Mtoto wa darasa la kwanza anapita na begi lililomfunika mgongo wote, kijana wa ajira mpya anapita na suti nyeusi ambayo bado haijamzoea, na mimi niko kwenye foleni ya ofisi ya jiji nasubiri kuandikishwa. Enzi hizo kitambulisho cha mgeni tulikichukua huko huko kwenye ofisi ya jiji. Mwaka 2012 utaratibu huo ulifutwa, ikaja kadi ya ukaazi kutoka uhamiaji.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni baridi. Vitabu vyetu vya jiografia vilituambia kuwa baada ya majira ya baridi huja majira ya kuchipua, nami nikaelewa kuwa baridi imekwisha. Haijaisha. Asubuhi za Aprili nilitoka na sweta mbili na bado meno yakagongana, huku wenyeji wakisifia jinsi hali ya hewa ilivyochangamka.

Halafu misakura, ile miti ya maua niliyoipiga picha, ikachanua. Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo, kwa hiyo kilichonivutia kwanza ni ufundi. Misakura mingi ya mijini ni ya aina moja, Somei Yoshino, na yote imetokana na kubebesha, vizazi na vizazi vya vikonyo vya mti mmoja. Ndiyo maana mtaa mzima huchanua siku moja na kupukutika wiki moja. Idara ya hali ya hewa ina mti wake wa kipimo katika kila eneo. Mkaguzi akihesabu maua 5 au 6 yaliyofunguka, taifa zima linatangaziwa. Watu wakatandika maturubai ya buluu chini ya miti, wakavua viatu na kukaa chini, vyakula katikati, kama kwenye shughuli ya kwetu. Kwa mara ya kwanza tangu nishuke uwanja wa ndege wa Narita nilijua miguu yangu niiweke wapi. Pombe niliipisha, nyama niliiulizia kwanza, wali na samaki nikala. Picha za siku ile nilimtumia mama kupitia mtoto wa jirani mwenye barua pepe. Jibu lilikuja baada ya wiki: mama anauliza, hayo maua yanazaa nini? Nilipomjibu kuwa hayazai kitu cha kula, hakuuliza tena.

Miaka miwili iliyofuata sina mengi ya kuisimulia. Nilijifunza kupika ugali kwa unga laini wa mahindi, wa njano, uliouzwa kwenye maduka ya Wabrazili wa mji wa Joso. Nilijifunza kuwa mwishoni mwa Aprili, siku za mapumziko zinapofuatana, watu wa Ibaraki hawaendi kutalii wote. Wengi wanarudi kwa wazazi kupanda mpunga. Mashine inapanda mistari sita kwa mkupuo, babu anaiendesha, wajukuu wanapitia pembeni pale isipofika. Usiku vyura walipiga kelele kiasi kwamba simu kutoka nyumbani ilinibidi nikaiongelee bafuni, na habari zenyewe zilikuwa za mpunga: mto umejaa, bondeni majaruba hayaonekani.

Mwezi Februari 2010 macho yalianza kuwasha. Pua ikafuata. Nilidhani ni mafua ya kawaida, nikanywa tangawizi. Wiki ya tatu nilikuwa nalala nimekaa. Mzee jirani yangu wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka mitatu hatukuwa tumevuka salamu na habari za takataka (Jumanne za kuungua, Ijumaa za plastiki), alinisikia nikipiga chafya kwenye ngazi akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia hongera, sasa umekuwa mtu wa hapa.

Daktari alithibitisha. Ni chavua ya mti uitwao sugi. Mgeni akifika mwili wake hauijui. Miaka kadhaa ya kuivuta kila majira ndiyo inayoufundisha mwili kuichukia. Wenyewe huuita ugonjwa huo kafunsho, na uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu Wajapani 4 kati ya 10 wanao kwa sababu ya sugi. Kumbe zile barakoa nilizoziona nyusoni mwa watu tangu mwaka wa kwanza, nikidhani ni ustaarabu tu wa treni, zilikuwa na kazi. Februari na Machi ni sugi, Aprili anapokea mwenzake, hinoki. Sakura haina hatia yoyote, ila inachanua katikati ya mateso, na mtu anakwenda kuitazama akiwa na miwani, barakoa na dawa ya matone mfukoni.

Yule mzee ndiye aliyenieleza sugi ilikotoka, na hapo ndipo nilipoanza kuwaza nyumbani kwa namna nyingine. Alizaliwa vijiji vya milimani, kaskazini mwa Ibaraki, na baba yake alikuwa mchoma mkaa. Nilimwomba arudie. Ndiyo, mchoma mkaa. Kabla ya gesi na umeme kuenea, Japani ilipika na kuota moto kwa kuni na mkaa. Vita vikaongeza ukataji. Vilipokwisha mwaka 1945 milima mingi ilikuwa kipara, na mvua kubwa zikawa zinashuka na udongo hadi vijijini. Serikali ikaagiza kupanda. Yeye alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, wakapelekwa mlimani darasa zima, kila mtoto na miche yake. Walipanda sugi kwa sababu inakua haraka, inanyooka, na inafaa kwa nyumba. Mwaka 1964 soko la magogo likafunguliwa kabisa kwa nchi za nje, ya kigeni yakawa rahisi kuliko ya milimani kwao, na miche ile ikaachwa isimame. Mti wa sugi ukishafika miaka 30 hivi ndipo unapomwaga chavua kwa nguvu. Leo sugi ya kupandwa imefunika hekta zipatazo milioni 4.4. Mzee alinyoosha kidole kuelekea Mlima Tsukuba, ule ukijani wake wote ambao mimi nilikuwa nimeupigia picha nikidhani ni pori la asili, akasema: kazi ya watoto.

Mjomba wangu naye alichoma mkaa, upande wa msitu wa Ruvu Kusini, ule uliokaa Kisarawe na Kibaha. Nimelala kwenye kambi zake nikiwa mdogo. Magogo yanapangwa, yanafunikwa nyasi kisha udongo, moto unawashwa, na baada ya hapo kazi ni kutazama moshi. Ukiwa mweupe mzito, maji bado yanatoka kwenye mti. Ukigeuka bluu na kuwa mwepesi, tanuri limeiva. Nilimweleza mzee hayo, naye akaniambia baba yake alikuwa anaamka usiku kutazama rangi hiyo hiyo. Tukakaa kwenye ngazi pale tukilinganisha: wao walijenga tanuri la udongo la kudumu, sisi tunajenga jipya pale miti ilipoangukia. Mkaa wao ulishuka Tokyo kwa reli. Wetu ulikwenda Dar es Salaam kwa baiskeli, gunia tatu nyuma, kupitia Pugu kabla hakujapambazuka.

Nilimpigia mjomba jioni ile ile.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mbona pua imeziba?”

Nikamweleza habari za miti inayomwaga ugonjwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mti unakupa mafua? Njoo huku basi. Huku tumeshaikata.”

Machi 2011 tetemeko lilitukuta. Sitaliingia sana, wengine walipoteza mengi, sisi wa Tsukuba tulipoteza maji ya bomba na usingizi. Mwaka ule chavua ilikuwa nyingi mno, kwa sababu kiangazi kilichotangulia kilikuwa cha joto kali. Mama aliona kwenye televisheni watu wa Japani wamejifunika nyuso, akasikia habari za mtambo wa nyuklia wa Fukushima, akapiga simu analia kwamba nivae barakoa na nirudi. Nilimwambia barakoa nimevaa tangu mwezi uliopita. Hakuna maelezo yoyote ya sugi yaliyomwingia siku hiyo, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa siwezi tena kujua nimeivaa kwa sababu ipi. Misakura ikachanua kama kawaida. Sherehe nyingi za chini ya miti zilifutwa.

Nilirudi mwaka 2013. Pua ilipona kabla sijafungua mabegi yote. Mzee aliendelea kuniandikia kwa simu ya mjukuu wake, kila majira ujumbe mmoja, na kutoka kwake nilijua kuwa misakura inazidi kuwahi. Picha ya mzee mwenyewe ya kuanza shule, ya Aprili, ilikuwa na maua juu ya kichwa. Mwaka 2021 Tokyo ilitangaza kuchanua tarehe 14 Machi, na Kyoto ikafika kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu za miaka 1,200. Watoto wa sasa wanaanza shule chini ya majani.

Mwaka 2023 akanitumia habari nyingine. Waziri Mkuu Fumio Kishida alikuwa ameiita kafunsho tatizo la jamii, na serikali ikapanga kupunguza mashamba ya sugi kwa asilimia 20 ndani ya miaka 10, ili baada ya miaka 30 chavua iwe nusu. Ile miti ya watoto sasa ikatwe.

Nilimpelekea mjomba habari hiyo mwenyewe. Sasa hachomi tena. Mwanawe ana kibanda cha mitungi ya gesi Mlandizi, na serikali yetu inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, akaniuliza hekta ngapi. Nikamtajia. Akauliza kama ni miti ya kunyooka. Nikasema imenyooka yote.

“Na wanalipa kwa tanuri au kwa gunia?”