Butembo: Waganga wa meno waitana kwa sababu ya skrubu moja

Papa huyo alifika kwenye kabine ya meno mjini Butembo akiwa ameshika shavu. Mwaka 2024 alikimbia Kanyabayonga na watoto sita, godoro moja na sufuria mbili. Mdomoni alibeba kitu kingine kisichoonekana: skrubu ya titani ndani ya mfupa wa taya ya chini, iliyowekwa miezi michache kabla ya vita kufika, ikisubiri kuwekewa jino juu yake. Muganga aliyeiweka naye alikimbia. Makaratasi yalibaki nyumbani.

Mama Dokta alijaribu bisibisi tatu. Hakuna iliyoingia. Kila kiwanda kinatengeneza skrubu zake na funguo zake, na ufunguo wa huyu haufungui cha yule.

"Kama ufunguo hauko, uing'oe tu, Mama Dokta," Papa alimwambia. "Nimeacha nyumba, nitashindwa kuacha jino?"

Alikataa. Skrubu ilikuwa imeshikana vizuri na mfupa, na kuitoa kungekuwa kukata mfupa ulio mzima. Lakini huyo alikuwa mgonjwa wake wa nne wa namna hiyo katika mwaka mmoja, wote wakimbizi wa ndani. Jioni ile akaanza kuandika barua za kuwaita wenzake.

Waganga kuitana ili wakubaliane si jambo jipya katika kazi hii. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliona tangu miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikana na titani, na mwaka 1965 akaanza kuwawekea watu skrubu hizo mjini Göteborg. Wenzake wengi walimdharau kwa miaka. Ilibidi George Zarb, profesa wa Toronto, arudie kazi hiyo kwa wagonjwa wake mwenyewe, kisha mwaka 1982 awaite walimu wa vyuo vikuu vya Amerika ya Kaskazini waone matokeo. Mwaka 2002 wataalamu walikaa tena, mara hii Montreal, wakatoka na neno fupi: mtu asiye na jino hata moja chini asiachiwe dentié ya kawaida peke yake, matibabu ya kwanza yawe dentié inayoshikwa na skrubu mbili.

Mama Dokta alilipenda neno hilo, labda kupita kiasi. Mama yake mzazi ana dentié ya chini inayoruka kila akitafuna, na siku hizi anakula bugali na mchuzi tu. Nyama anawaachia wajukuu akisema hana hamu. Kwa hiyo siku ya mkutano jambo hilo alilitaja mbele ya wote kabla ya yote, akamwomba mwenzake wa Beni aongoze sehemu hiyo.

Matayarisho yalichukua miezi mitatu. Aliandika maswali kumi na moja, akayapunguza mpaka matatu. Kila mwalikwa alipewa vitu vya kusoma mwezi mmoja kabla, na kutakiwa kuja na ukurasa mmoja wa mambo aliyoyaona kwa wagonjwa wake. Muuzaji mmoja wa skrubu alijitolea kulipia sale na chakula. Alimshukuru, akakataa. Ndiyo maana watu walikula maharagi kwenye viti vya parokia, na wawili walilalamika waziwazi. Waache walalamike.

Walialikwa 13, walifika 9. Barabara ilifanya hesabu yake. Kabla ya neno lolote waliandika sheria: kitu kitaitwa makubaliano kikipata kura 7, na kura ni za siri, kwenye karatasi. Ndani ya sale alikuwemo mzee aliyewafundisha wanne kati yao. Nani angemnyooshea mkono wa kumpinga?

Swali la kwanza lilichukua saa mbili. Nani asiwekewe skrubu? Juu ya mwenye ugonjwa wa sukari usiotulia na mvutaji mkubwa wa sigara hawakugombana. Ugomvi ulikuja juu ya mtu asiyeweza kurudi kuangaliwa, maana mfupa unahitaji miezi kushikana na skrubu, na baadaye ufizi unahitaji uangalizi. Wengine walisema aliyekimbia vita asianzishiwe kabisa. Kijana mmoja akasimama: "Vita imemnyima nyumba, na sisi tunamnyima jino?" Maneno yalibadilishwa mara tano. Mwisho waliandika kwamba kukimbia peke yake si sababu ya kukataliwa, ila aambiwe hatua zote na bei yote kabla ya kutoa dola ya kwanza, na kila hatua iwe ambayo ikikatika katikati haimwachi na madhara. Kura 8.

Skrubu mbili za dentié zilipata kura 5. Hazikupita. Vipande vidogo vinavyoshika dentié huchakaa, vinahitaji kubadilishwa, na mjini havipatikani. Mama Dokta aliandika matokeo hayo kwa mkono wake, bila kulainisha neno.

La tatu lilipita kwa kura zote 9: kila mgonjwa atoke na karatasi yenye jina la kiwanda, upana na urefu wa skrubu, namba yake, tarehe na mahali ilipo mdomoni. Karatasi hiyo ipigwe picha, itumwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa sababu karatasi inaungua.

Wakati wa maharagi, picha ya taya ya Papa ilizunguka mezani. Muganga wa Bunia aliiinua kwenye dirisha, akaangalia shingo ya skrubu, akataja kiwanda. Ufunguo wake anao kwenye kabine yake. Ameahidi kuutuma na dereva wa basi wa kwanza atakayepita.

Papa anapiga simu kila Ijumaa kuuliza kama basi imefika.